Jioni ya kwanza Lisbon, niko na mke na mama mkwe. Tufanye nini tusiharibu?

Mkwe Mtiifu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwishoni mwa Septemba tunakwenda Lisbon, Ureno. Mke wangu ana mkutano wa kikazi unaoanza Jumatatu. Mimi nimejiongeza kwenye safari kwa gharama zangu, na mama mkwe naye amejiongeza kwa gharama zangu hizohizo. Ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua, anatumia dawa za presha, na ni mtu wa swala tano. Nje ya nchi hajafika popote zaidi ya Makka.

Tunaondoka Dar Ijumaa, njiani tunabadilisha ndege mara moja, tunatua Lisbon Jumamosi saa nane mchana kwa saa za kule. Hoteli iko mtaa wa Baixa, karibu na uwanja wa Rossio.

Shida ni hii. Mke wangu ameshaandika ratiba ya jioni hiyohiyo ya kufika. Saa kumi tuko Belém kuona monasteri. Saa kumi na moja keki. Saa kumi na mbili tramu namba 28, kile kitreni cha barabarani. Tunashukia kwenye kasri juu mlimani, tunapiga picha jua likizama. Saa mbili chakula. Saa nne muziki wa fado, na tiketi anataka kulipia wiki hii.

Hapo hatujaoga. Na usiku wa kuamkia siku hiyo tumelala kwenye kiti.

Nimejaribu kusema "mke wangu, tupunguze kidogo", nikaambiwa mimi ndiyo maana sijawahi kufika mbali. Naombeni hoja. Nizipeleke kwa adabu.

Kigoda Changu

Nimekaa. Ngoja wajuzi waje.

Shangazi Msafiri

Mdogo wangu, ratiba hiyo imeandikwa na mtu aliyekaa sofani na miguu ameinyoosha. Siyo ya mtu aliyetoka kwenye ndege.

Jioni ya kufika usiihesabu kama siku ya matembezi. Ni mkia wa safari. Mimi nina masharti yangu na sijayavunja tangu 2011: niende mahali pamoja tu, kwa miguu, pa bure, na pawe pahali ninapoweza kugeuza njiani bila kumwomba mtu msamaha. Na silipii kitu chochote chenye saa kabla sijaliona begi langu likizunguka pale kwenye mkanda.

Hiyo 2011 ilikuwa Paris, mara yangu ya kwanza. Mume wangu alikata tiketi za boti ya mtoni mapema, boti ya saa mbili usiku. Ndege ikachelewa, begi likachelewa, tukafika gatini tunakimbia na makoti mkononi. Nilikaa kwenye boti nikalala kabla haijang'oa nanga. Nilipofumbua macho tumesharudi palepale tulipopandia. Paris sikuiona, ila picha ipo: nimeachama, nyuma yangu Mnara wa Eiffel unawaka taa. Mume wangu ameiweka kwenye fremu sebuleni.

Mwambie mkeo nimesema tiketi ya fado asikate.

Kijana wa Sinza

Kaka mnamzeesha mwenzenu. Lisbon ni mtaa wa Bairro Alto! Sijafika lakini mshikaji wangu alikaa kule, anasema kuanzia saa tano usiku vijia vyote vimejaa watu, kinywaji mkononi, mpaka alfajiri. Jioni ya kwanza ndiyo yenyewe, damu bado inachemka.

Shangazi Msafiri

Na mama mkwe anamwacha wapi, kwenye kabati?

Kijana wa Sinza

Hilo la mama mkwe sikulisoma vizuri. Narudisha kadi yangu.

Ng'ambo ya Tejo

Mkuu, mimi naishi ng'ambo ya mto Tejo, upande wa Cacilhas, mwaka wa saba sasa, na kazini navuka kwa pantoni kila asubuhi kama mtu wa Kigamboni. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu wageni wengi wa nyumbani huwa napokea mimi, na jioni ya kwanza nimeshaiharibu mara kadhaa mpaka nikaijua.

Kwanza mjue mji wenyewe. Lisbon ni vilima. Ukitazama ramani unaona mita 400 unasema aah, karibu tu. Kumbe hizo mita 400 ni ngazi. Goti la mama kasri halifiki jioni hiyo, na hata likifika kushuka ni mateso, kwa sababu njia za miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa. Vikiloa ni sabuni. Avae viatu vyenye soli ya mpira, kandambili zikae hotelini.

Bahati yenu mmepanga Baixa, na Baixa ni tambarare. Tarehe 1 Novemba 1755 asubuhi, watu wakiwa makanisani kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko lilipiga, bahari ikapanda mtoni, halafu moto ukawaka siku kadhaa. Sehemu ya chini ya mji ikaisha. Aliyeshika hatamu ya kujenga upya ni waziri wa mfalme, yule tunayemjua kama Marquês de Pombal. Akapiga mitaa mistari iliyonyooka na majengo yanayofanana. Ndiyo hiyo Baixa mtakayolala. Kwa hiyo kutoka Rossio mpaka mtoni ni chini ya kilomita moja, barabara imenyooka kama rula, hakuna kilima hata kimoja.

Mkitoka hotelini mnaanza Rossio. Mwambie mama atazame chini: mawe meusi na meupe yamepangwa mawimbi uwanja mzima, ukitembea kichwa kinadhani ardhi inapanda na kushuka. Mnaingia Rua Augusta, mtaa usio na magari. Hapo kuna mambo mawili ya kuudhi. Wahudumu wa mikahawa wamesimama na menyu za picha wanawavuta mkono, msikae hapo, chakula ni ghali na cha kawaida. Na vijana watawanong'oneza wanauza bangi. Si bangi hata, ni majani makavu tu ya jikoni. Usijibu, pita. Mwishoni mwa mtaa kuna tao kubwa la mawe, mkipita chini yake mnatokea Praça do Comércio: uwanja mpana, majengo ya njano pande tatu, upande wa nne wazi, mto. Kabla ya 1755 hapo palikuwa na jumba la mfalme, ndiyo maana wenyeji bado wanapaita Terreiro do Paço, yaani uwanja wa kasri. Kasri halipo tangu siku ile.

Mnavuka uwanja mpaka majini. Kuna ngazi pana za mawe zinazoshuka ndani ya mto, na nguzo mbili zimesimama kwenye maji. Panaitwa Cais das Colunas. Mwisho wa safari ni hapo. Kaeni. Mkitazama kulia mnaona daraja jekundu la 25 de Abril la mwaka 1966 na sanamu ya Kristo ng'ambo amenyoosha mikono. Mwishoni mwa Septemba jua linazama saa moja na nusu hivi, mna muda tele. Ngazi za chini zina mwani na utelezi maji yakikupwa, mama akae za juu.

Gharama yake: sifuri. Goti likikataa kurudi, kituo cha metro cha Terreiro do Paço kiko hapohapo ukingoni mwa uwanja, laini ya bluu, vituo viwili tu mnashuka Restauradores, jirani na Rossio.

Kigoda Changu

Haya ndiyo madini. Kumbe kuna watu mnakula maisha na pantoni lenu.

Mkwe Mtiifu

Ng'ambo, ubarikiwe. Nimeisoma mara mbili. Maswali mawili. Kutoka uwanja wa ndege tupande metro au teksi? Na chakula, mama hali kitu asichokijua, na halali lazima.

Ng'ambo ya Tejo

Metro inaingia mpaka uwanja wa ndege, laini nyekundu, mnashuka Alameda mnabadilisha laini ya kijani mpaka Rossio. Mngekuwa vijana na kibegi cha mgongoni ningesema hiyohiyo. Ila na mabegi matatu, goti moja bovu na ngazi za Alameda, pandeni teksi. Uwanja uko ndani ya mji kabisa, kama kilomita saba. Bolt ile mliyonayo Dar inafanya kazi huku, programu hiyohiyo. Teksi ya barabarani hakikisha mita imewashwa. Mwaka juzi mjomba wangu alitozwa mara tatu ya bei kwa sababu dereva alimwambia mita imeharibika, na mjomba akaona aibu kushuka.

Foleni ya pasipoti ndiyo itakayowala muda. Huwa ndege kadhaa za mbali zinatua pamoja. Saa nzima ni kawaida, ikizidi msishangae. Mtu mwenye shida ya kusimama aombe msaada wa kiti cha magurudumu, na uombwe mapema wakati wa kukata tiketi, siyo pale kwenye foleni.

Chakula sasa. Majiko mengi hapa yanafunga baada ya chakula cha mchana na kufungua tena saa moja au moja na nusu jioni. Mkifika mkahawani saa kumi na moja mtakuta viti juu ya meza. Katikati hapo kinachowaokoa ni pastelaria, duka la keki na kahawa, ziko kila kona na zinauza siku nzima. Na humo ndani, kwenye kabati la kioo, pembeni ya keki, mtaona sambusa. Sitanii. Wanaita *chamuça*, zimeletwa na watu wa Goa na Msumbiji. Za kuku, za nyama, na ndani ya mtaa wa Mouraria zipo za halali.

Halali yenyewe iko dakika chache kwa miguu kutoka Rossio, panaitwa Martim Moniz. Ingieni Rua do Benformoso, Wabangladeshi na Wapakistani wamejaa, biriani, mishikaki, chai ya maziwa yenye iliki. Mama atajiona yuko Kariakoo. Mkitaka cha Kireno, mwagizieni samaki wa kuchoma, *dourada grelhada*, anakuja na viazi na mboga, hana siri.

Tahadhari: supu ya *caldo verde*. Ni mboga ya majani imekatwa nyembamba kama sukuma, mama ataipenda kwa macho. Lakini huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe ndani, na hata kikitolewa supu imeshapikwa nacho. Na sandwichi ya *bifana* ni nguruwe moja kwa moja.

La mwisho: mkikaa tu mezani mtaletewa mkate, zeituni, siagi, labda jibini. Hamkuagiza, mnadhani ni ukarimu. Mkivigusa vinaingia kwenye bili. Hamtaki, sema *não, obrigado*, vinaondolewa na hakuna anayenuna.

Mwana wa Mvita

Mimi nitie neno la kikwetu. Mwambie mama asiogope lugha, nusu anaijua. Meza huko ni *mesa*. Bendera ni *bandeira*. Leso yatokana na *lenço*. Foronya ya mto wa kulalia ni *fronha*. Limau, *limão*. Kasha, *caixa*. Na kama ni mchezaji wa karata, basi kopa, shupaza, uru na pau zote ni zao.

Na gereza, kwa Kireno *igreja*, ni kanisa. Hapo sisemi mengi. Ngome waliyoanza kutujengea Mvita 1593 kanisa lilikuwamo ndani, na baadaye ikawa jela. Waliondolewa 1698, maneno wakatuachia.

Huo ukingo wa mto alioutaja ndugu Ng'ambo, ukitembea kuelekea magharibi wapita Ribeira das Naus, palipokuwa na viwanda vyao vya kuunda marikebu. Vasco da Gama alitoka Lisbon Julai 1497, Aprili 1498 akawa yuko kwetu. Miezi tisa njiani! Na nyinyi mwalalamikia usiku mmoja kwenye kiti.

Shangazi Msafiri

Mwana wa Mvita, Gama hakuwa na mama mkwe kwenye meli.

Nesi wa Zamu

Naongezea ya kitabibu, maana naona watu wanasema "uchovu wa saa kubadilika" kama vile wanakwenda Marekani. Septemba Ureno iko nyuma ya Dar kwa saa mbili tu. Mwili hautapotea kwa saa mbili. Kitakachowaangusha ni kukosa usingizi usiku kucha, miguu kuvimba na kutokunywa maji. Dawa yake ni tofauti.

Dawa za presha za mama ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zote, na karatasi ya daktari. Begi la chini likipotea lipotee na vitenge. Kwenye ndege asimame kila baada ya muda atembee ujia mzima.

Mkifika chumbani msiguse kitanda. Nasema hivi kwa herufi ndogo lakini nimekunja uso. Mtaoga, mtabadilisha nguo, mtatoka nje jua lingali juu, kwa sababu mwanga ndio unaouambia mwili saa ngapi. Kama mama amezidiwa, alale dakika ishirini kwenye kiti, kengele imewekwa. Akilala kitandani saa kumi, ataamka saa tatu usiku ana njaa na macho makavu, na nyote mtakesha naye.

Saa Sita Kamili

Na saa! Jamani, saa zetu. Mimi safari yangu ya kwanza Ulaya niliwaandikia hoteli wanitumie gari asubuhi "saa 2". Niliandika kwa Kiingereza changu vizuri kabisa, saa mbili. Saa mbili asubuhi nimesimama nje na begi, baridi, hakuna gari. Likaja saa nane mchana, dereva anatabasamu, amewahi dakika tano. Ndege ilishapaa.

Kule wanaandika 19h30. Toa kumi na mbili kwanza unapata saba, halafu toa sita unapata saa moja na nusu. Andika kwenye karatasi ubandike nyuma ya simu, ukiwa umechoka hesabu hiyo haiji.

Muana ya Kivu

Bandugu, mimi niko Bruxelles, lakini hii iko ya kila mji. Kabla ya kupanda chumbani, mupite duka ya pembeni, mununue maji, mkate, ndizi. Usiku mama atasikia njaa saa ile kila kitu kimefungwa. Sisi tulikula biskuti ya ndege, watu ine, paketi mbili.

Mwenye Ratiba

Habari zenu. Mimi ndiye mke. Dada yangu kanitumia uzi huu akauliza "huyu si shemeji?"

Kwanza, sikusema "ndiyo maana hujawahi kufika mbali". Nilisema "kwa mwendo huo hatutafika". Kuna tofauti.

Pili, nimesoma yote. Fado nimeifuta. Belém nimeihamishia Jumapili. Lakini tramu 28 naitaka, siku zote naiona kwenye picha.

Kigoda Changu

Nasogeza kigoda karibu.

Mkwe Mtiifu

Mke wangu mpenzi. Karibu jukwaani.

Ng'ambo ya Tejo

Shemeji karibu, na nakupongeza kwa roho safi.

Tramu 28 ni nzuri, ila siyo Jumamosi jioni. Vibehewa vyenyewe ni vidogo, vya mbao ndani, viti vichache. Jioni ya Jumamosi kuna foleni kituoni Martim Moniz, na ukipanda unasimama umebanwa kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili, na hapo ndipo wachomoaji wanapofanyia kazi. Mtu aliyetoka safarini, pasipoti mfukoni, akili imelala, ndiye wanayemngoja. Ipande asubuhi mapema siku nyingine. Mtaamka mapema tu, saa zenu ziko mbele, itumieni hiyo. Utapata kiti cha dirishani na mama atakaa.

Kuhusu fado umefanya vyema. Wimbo mmoja wa polepole, taa zimezimwa, na watu wanatakiwa wakae kimya. Mgeni wangu mmoja alianza kukoroma katikati ya ubeti. Mwimbaji hakusimama, ila alikuja kuimbia meza yetu mpaka mwisho. Sijarudi nyumba ile.

Nesi wa Zamu

Shemeji, kibla. Mama amezoea kuelekea kaskazini, maana Dar na Makka karibu ziko kwenye mstari mmoja. Lisbon ni mashariki, na kushuka kusini kidogo tu. Mwambie kabla, la sivyo atabishana na simu.

Mwenye Ratiba

Atabishana na simu hata nikimwambia.

Mkwe Mtiifu (mrejesho)

Wakuu, tumefika. Ni Jumapili, nipo kwenye ngazi za hoteli na kahawa yangu, wao wanajiandaa. Nilete mrejesho kabla sijasahau.

Foleni ya pasipoti: saa moja na dakika arobaini. Kiti cha magurudumu tulikiomba, kikaja, na kumbe mwenye kiti na familia yake wanapitishwa pembeni. Hiyo saa moja na dakika arobaini niliisikia kwa jirani yetu wa kwenye ndege, niliyekutana naye baadaye Rossio akiwa bado anaburuza begi. Mama mkwe aliketi pale kama malkia, akawa anawasalimia walinzi kwa Kiswahili. Walimwitikia.

Teksi tulipata ya mita, haikufika euro ishirini pamoja na mabegi. Hotelini tukalipishwa ushuru wa mji, euro nne kwa kila mtu kwa kila usiku, hii hakuna aliyenitajia hapa, wakuu mjirekebishe. Na nikagundua plagi zetu za miguu mitatu haziingii, kwao ni matundu mawili ya duara. Duka la pembeni alilosema Muana ya Kivu lilikuwa nazo, pamoja na ndizi.

Tukaoga. Mama akaswali. Kuhusu kibla alibishana na simu, kisha akatoka hadi mapokezi kuhakikisha jua linatua upande gani, akarudi akasema simu iko sawa.

Saa kumi na moja na nusu tukatoka. Ile Rua Augusta kijana mmoja alimnong'oneza mama mkwe. Mama akasimama. Akamuuliza kwa sauti, "Unasemaje, mwanangu?" Kijana akarudia kunong'ona na kumwonyesha kifuko. Mama akakichukua, akakinusa, akamrudishia. "Haya ni ya kutia kwenye pilau," akaniambia, "na yamekaa sana." Tukaendelea.

Pale kwenye nguzo mbili majini tulikaa zaidi ya saa nzima. Sikupanga, hatukuweza tu kuondoka. Maji yalikuwa yanapanda ngazi moja moja, polepole, vijana waliokaa ngazi za chini wanahama kila mara wanacheka. Mtu alikuwa anapiga gitaa vibaya. Pantoni linakwenda na kurudi. Mke wangu alitoa simu apige picha, akapiga mbili, akairudisha mkobani, akaegemea bega langu. Miaka kumi na moja ya ndoa, wakuu, hadharani! Mama mkwe akajifanya anatazama daraja.

Jua lilipozama tukarudi kwa metro, vituo viwili kama tulivyoelekezwa. Mpango ulikuwa biriani Martim Moniz. Mke wangu akasema anapitia chumbani achukue sweta mara moja. Tukasubiri mapokezi. Dakika kumi. Dakika ishirini. Nikapanda. Mwenye Ratiba amelala kifudifudi juu ya kitanda, viatu miguuni, sweta mkono mmoja umeingia, mwingine haujaingia.

Nikashuka kumwambia mama turudi tukapumzike. Mama akaniangalia. "Baba, mimi usingizi nililala kwenye ndege. Hiyo sambusa yao iko wapi?"

Basi tukaenda wawili, mimi na mkwe wangu, tunatembea polepole. Tulikaa kwa yule Mbangladeshi, mama akala biriani nusu sahani na sambusa mbili. Akasema ukwaju haupo, ila mkono wa mpishi upo. Chai akarudia. Halafu akanisimulia namna alivyokataa posa ya baba mkwe mara ya kwanza, habari ambayo mke wangu mwenyewe haijui, na nimeapishwa.

Saa tatu na nusu tulikuwa chumbani.

Shangazi Msafiri

Sasa nimefurahi. Na usiku mlilala?

Mkwe Mtiifu

Tulilala kama magogo hadi saa kumi usiku. Saa kumi mlango unagongwa. Mama, ameshaoga, amevaa, buibui na raba. Kwa Dar ni saa kumi na mbili asubuhi, kwake kumekucha. Huku alfajiri yenyewe karibu saa mbili mbele, jua mpaka saa moja na nusu. "Baba, mmeamka? Ile tramu mliyosema tuiwahi mapema ndiyo saa ngapi?"

Ng'ambo ya Tejo

Hahaha. Mwambie madereva nao wamelala. Leo mnafanya nini?

Mwenye Ratiba

Shemeji, sijui. Ratiba ya leo ameandika mama, alikuwa na muda. Ina mambo tisa.